Maswali Yenu: Kiinimacho cha Karata Mbele ya Macho ya Karibu

Safari hii tunajibu barua tano kuhusu mazingaombwe ya karata ya mezani, yale ambayo mtazamaji akinyoosha mkono anakugusa.

Kila nikinyanyua karata mbili kama moja, ili ya pili idhaniwe ndiyo ya juu, hakosi mtu wa kusema, "Hizo mbili!" Nimeongeza kasi, lakini wapi. Vidole vyangu ni vifupi; ndiyo sababu? (Msomaji, Mwanza)

Kasi ndiyo inayokusaliti. Karata moja ina unene wa kama milimita 0.3, kwa hiyo mbili hazifiki hata milimita moja, na jicho la mtu aliye ng'ambo ya meza haliwezi kupima hilo. Anachokiona ni mkono uliokuwa ukienda taratibu, ghafla ukaruka. Au anaona vidole vikipapasa ukingo wa pakiti kutafuta karata ya pili. Vidole vifupi havina kesi hapa: René Lavand wa Argentina alipoteza mkono wa kulia akiwa na umri wa miaka 9, akafanya kazi hii kwa mkono wa kushoto peke yake, na alisifika kwa kwenda polepole.

Tenga karata mbili zako mapema, kabla hujazihitaji. Shika pakiti katika mkono wa kushoto: gumba ubavu wa kushoto, kidole cha shahada mbele, vitatu vilivyobaki ubavu wa kulia. Mkono wa kulia uje kwa juu kana kwamba unasawazisha kingo. Kwa ncha ya gumba la kulia, inua kidogo karata ya juu na ya pili kwenye ukingo ulio upande wako, kiasi cha milimita moja. Nyama ya ncha ya kidole cha mwisho cha kushoto iingie chini ya hizo mbili, kwenye pembe ya kulia iliyo karibu nawe. Mwanya ubaki kwenye pembe hiyo tu. Mbele pakiti iwe imefunga kabisa. Wakati unafanya haya, muulize mtu swali na umtazame usoni. Atakutazama nawe.

Ukifika wakati wa kugeuza, mkono wa kulia ushike pembe ile ile, gumba juu na kidole cha kati chini, uzigeuze zote mbili kama ukurasa wa kitabu, na uzilaze juu ya pakiti. Usizishike hewani. Hewani zinateleza nusu milimita, na ukingo mweupe wa ile ya chini unachungulia. Zikishalala, kidole cha mwisho kirudi kwenye mwanya, maana utazigeuza tena kifudifudi kabla ya kuitoa ile ya juu na kuiweka mezani. Wengi wanausahau mwanya huu wa pili, wakaanza kupapasa upya mbele ya watu.

Kosa jingine ni kuzishika karata hizo kama mayai. Geuza karata moja halisi mara kumi na utazame unavyoishika usipokuwa na siri. Mara nyingi utagundua huishiki kwa adabu yoyote. Basi hata mbili zigeuze hivyo hivyo.

Nipeni mchezo mmoja wa kuanzia usiohitaji ufundi wa vidole, lakini usioaibisha. (Msomaji, Morogoro)

Karata jirani. Pakiti ikiwa imechangwa na mtazamaji mwenyewe, igonge mezani kwa ubavu kusawazisha kingo, na katika kugonga huko uione karata ya chini kabisa. Tuseme ni saba ya kopa. Ione kwa kupepesa tu. Ukiikodolea macho umekwisha.

Tandaza karata kifudifudi, mtazamaji achague moja, aikariri, airudishe juu ya pakiti. Mwambie akate: achukue nusu ya juu aiweke mezani, kisha nusu ya chini aiweke juu yake. Saba ya kopa sasa imekaa juu ya karata yake. Anaweza kukata tena mara tatu au nne, mradi kila mara anakata kwa namna hiyo, kwani kukata hakuvunji ujirani. Kuchanga kunauvunja, hivyo asichange tena.

Gawa karata moja moja kutoka juu, zikiwa zimefunuliwa. Ile itakayofuata saba ya kopa ndiyo yake. Usisimame hapo! Endelea kugawa nne au tano zaidi, kila moja ikipandia kidogo ile iliyotangulia ili ile yake ibaki inaonekana, kisha sema: "Karata nitakayoigeuza sasa ndiyo yako." Ataamini umekosa, kwa sababu anatazama pakiti iliyo mkononi. Nyoosha mkono kwenye zile za mezani, uivute ile yake na uigeuze.

Mambo mawili huharibu. La kwanza ni mdundo: mgawaji anakwenda vizuri, akiiona saba anapunguza mwendo, na watu wanajua. La pili ni bahati mbaya ya kukata katikati ya majirani wenyewe, ambapo saba inarudi chini kabisa na karata yake inakuwa ya kwanza juu. Kabla ya kugawa, gonga tena pakiti mezani na uchungulie chini. Ukiiona saba, huna haja ya kugawa. Mwulize jina la karata yake, kisha mwambie afunue ya juu kwa mkono wake. Hapo mchezo umekuwa mzuri kuliko ulivyopangwa.

Wa mbele hawaoni kitu, ila wa pembeni wanacheka. Nikae vipi? (Msomaji, Lamu)

Barazani mnakaa bega kwa bega, na hapo ndipo mahali pabaya kuliko pote. Ukishika pakiti kwa mkono wa kushoto, mwanya wa kidole cha mwisho unaonekana na aliye kulia kwako na aliye nyuma yako. Ukificha karata kwenye kiganja cha kulia, anayeiona ni aliye kushoto, kupitia nafasi iliyo kati ya gumba na kiganja. Hao wawili ndio wa kuwaondoa, na huwaondoi kwa kuwaamuru. Mpe mmoja boksi la karata alishike, mwingine mwombe awe hakimu, na wote waje mbele yako. Wewe chukua kigoda, uipe ukuta mgongo.

Ukuta wenyewe ukague. Kabati la vioo nyuma yako, au dirisha usiku taa zikiwa zimewashwa, linaonyesha kila kitu. Watoto nao, macho yao yakiwa usawa wa meza, wanaona chini ya mikono. Kwao acha kuficha karata kiganjani, fanya ya kugawa.

Karata zangu zinanata. Ni mikono au ni karata? (Msomaji, Tanga)

Vyote. Karatasi hunyonya unyevu wa hewa ya pwani na kuvimba, jasho na mafuta ya mikono vinamalizia. Nawa kwa sabuni, kausha kabisa, usipake losheni. Zile za plastiki inayong'aa hazivimbi, ila mbili zikishinikizwa huteleza, na kwa kunyanyua mbili kama moja hilo ni balaa. Tafuta za karatasi zenye vishimo vidogo vidogo usoni, zinazopitisha hewa kati yake, na mgongo wenye ukingo mweupe. Saizi ya kawaida ni milimita 63 kwa 88; wenye viganja vidogo wachukue zile nyembamba za 57 kwa 88. Usifanyie juu ya kioo wala fomeka, karata hazinyanyukiki. Kunja blanketi mara mbili, juu yake utandike kitambaa kizito kisicho na nyuzi ndefu.

Wakisema "Rudia!" nirudie? Na yule anayenyakua pakiti? (Msomaji, Nairobi)

Mchezo uleule kwa njia ileile, hapana. Mara ya pili mtazamaji anajua mwisho, kwa hiyo macho yake yanarudi mwanzoni, palipo na siri. Uko mmoja unaoruhusu kurudia: karata inayowekwa chini ya ile ya juu kisha ikapanda juu tena. Dai Vernon wa Kanada aliufanya mbele ya Houdini, mwanamazingaombwe maarufu wa Marekani, huko Chicago mwaka 1922, karata ikiwa na saini ya Houdini mwenyewe, na Houdini, aliyejigamba kwamba akiona mchezo mara tatu ataujua, hakuujua. Ukitaka kuufuata mkondo huo, kila mzunguko uwe na njia tofauti na uliotangulia.

Mnyakuzi mpe pakiti kabla hajaomba, aichange mwanzoni, aikague mwishoni. Watu wengi wameibiwa kwa karata tatu za mtaani, na shaka yao ni ya haki. Usiweke dau la fedha, hata la mzaha. Tena kila mara uliza jina la karata kabla ya kuifunua: ukijikuta umeshika isiyo yake, bado hujaahidi kitu, na unaweza kuirudisha na kuitafuta upya.

Kwa mazoezi, kioo kinakufunza pembe lakini kinakuficha kosa moja: wengi hupepesa macho sekunde ileile ya siri, na kwa kuwa wamefumba, hawajioni. Tumia simu. Iegemeze kulia kwako, kimo cha macho ya mtu aliyekaa. Rekodi mara kumi, tano ukigeuza karata moja ya kweli na tano mbili kama moja, kwa mpangilio wa ovyo ulioandikwa kwenye karatasi. Acha siku ipite, kisha tazama bila sauti na ubashiri ipi ni ipi. Ukipatia zote kumi, usiwaonyeshe watu bado.