Chupa ya Barolo ikiwa mkononi mwako: kwa mnaoanza kuhudumia mvinyo

Wadogo zangu mnaoanza kazi kwenye hoteli za Malindi na Watamu, wageni wa Kiitaliano hawakosi huku kwetu, na siku moja mmoja wao ataagiza Barolo, mvinyo mwekundu wa kwao. Nawaandikia ili siku hiyo isiwapate kama ilivyonipata mimi.

Chupa yangu ya kwanza niliirudisha kaunta. Nilimimina kidogo, nikaona rangi imepauka, na ukingoni inaelekea wekundu wa tofali, ilhali mvinyo mwekundu niliouzoea ulikuwa mzito kama juisi ya rozela. Nikasema huu umeharibika. Mgeni, mzee mtaratibu, akaomba chupa ile ile irudishwe. Akainamisha glasi juu ya kitambaa cheupe cha meza, akaniita nisogee nitazame. Maua yaliyotariziwa kwenye kitambaa yalionekana kupitia mvinyo. Kisha akanipa ninuse: waridi lililokauka, na nyuma yake harufu kama ya lami. Akaniambia, "Hivi ndivyo ulivyo."

Basi somo la kwanza ni hilo: usiihukumu Barolo kwa rangi. Inatengenezwa kwa zabibu za Nebbiolo peke yake, na Nebbiolo haina rangi nyingi. Nguvu yake iko kwenye ukakasi. Unaujua ukakasi: ni ule ukavu unaokamata ufizi ukila bibo la mkorosho lisiloiva vizuri, au ukinywa chai ya mkandaa iliyochemshwa ikasahauliwa jikoni. Wenye mvinyo huuita tanini, na hutoka kwenye maganda na kokwa za zabibu. Wengi wetu pwani dini hairuhusu kuonja, na hilo lisikuvunje moyo. Pua yako na kumbukumbu ya bibo vitakufikisha mbali kwenye kazi hii.

Ukiulizwa inatoka wapi, usiseme "Italia" ukanyamaza. Inatoka vilima vya Langhe, mkoa wa Piemonte, kaskazini-magharibi mwa nchi, karibu na mji wa Alba. Ni vijiji 11 tu vinavyoruhusiwa kutumia jina hilo, na Barolo chenyewe ni kimojawapo. Mashamba yanayotazama kaskazini hayakubaliwi, kwa sababu Nebbiolo huchelewa kuiva na inahitaji kila jua inaloweza kupata. Mara nyingi huchumwa Oktoba, wakati ukungu umejaa mabondeni asubuhi. Wengi husema jina lake limetokana na nebbia, yaani ukungu kwa Kiitaliano. Mwaka 2014 UNESCO iliviingiza vilima hivyo kwenye orodha ya urithi wa dunia.

Udongo nao una neno. Vijiji vya La Morra na Barolo kwa kawaida hutoa mvinyo wenye harufu nzuri na ulaini wa mapema. Serralunga d'Alba na Monforte d'Alba hutoa mgumu zaidi, unaotaka miaka. Mgeni akisema hapendi ukali, jina la kijiji kwenye lebo, likiwapo, litakusaidia kuliko bei.

Sasa pipa, na hapa naomba mtulie. Sheria inataka Barolo ikae miezi 38, ikihesabiwa kuanzia Novemba 1 ya mwaka wa mavuno, na angalau 18 kati ya hiyo iwe ndani ya mbao. Ikiandikwa Riserva, ni miezi 62. Ndiyo maana mavuno ya 2019 yaliruhusiwa kuuzwa Januari 2023. Watu hudhani pipa la mbao za mwaloni hutumiwa ili kuongeza ladha. Kwa Barolo ya mtindo wa zamani, kazi kubwa ya pipa ni kuupa mvinyo muda na hewa kidogo kidogo mpaka ukakasi ulainike. Hutumia mapipa makubwa ya maelfu ya lita, mengi ya mwaloni wa Slavonia huko Kroatia, na yakishatumika miaka mingi huwa hayaachi harufu kubwa ya mbao. Miaka ya 1980 na 1990 watengenezaji wengine walileta mapipa madogo ya Kifaransa ya lita 225. Pipa likiwa dogo, kila lita hugusa mbao nyingi zaidi, na likiwa jipya huachia harufu ya vanila. Wazee na vijana walivutana sana juu ya jambo hili. Mimi naupenda ule wa mapipa makubwa, kwa kuwa waridi halifunikwi. Lakini mezani, muulize mgeni apendavyo yeye.

Wageni husema mvinyo mwekundu unywewe kwa joto la chumba. Chumba chao si cha Malindi! Nyuzi 17 au 18 zinatosha. Ukiachwa kaunta mchana wetu, pombe itapanda puani na waridi litapotea. Barolo changa ifungue mapema, uimimine kwenye jagi la kioo, ipumzike saa moja au mbili. Mshauri mgeni aagize nyama, kwani mafuta na protini hupunguza ukakasi mdomoni. Samaki wa kupaka mtafutie mvinyo mwingine.

Chupa ya zamani isimamishe wima tangu jana yake ili mashapo yashuke chini. Mimina polepole, taa ikiwa nyuma ya shingo ya chupa. Ukiona uzi mweusi unaanza kupanda kuelekea mdomoni mwa chupa, acha hapo hapo, hata kama kimebaki kiasi cha vidole viwili.