Barua kwa mwanangu: Nionyeshe daftari

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imenifikia pamoja na zile picha tatu. Tangu juzi ziko mezani, nazipanga na kuzipangua. Toyota Camry ya 2008, Camry ya 2013, na ile ya haibridi ya 2018, yenye injini ya petroli na mota ya umeme, ambayo mkwe wangu haachi kuitaja. Swali lako ni fupi: "Mama, toleo gani la Camry ndilo bora kwa sisi wenye watoto wawili?" Umeniuliza mimi kwa kuwa nyumba yetu haikuwahi kuwa na gari la jina jingine tangu enzi za babu yako.

Nitakujibu. Ila nikuambie ukweli, nilipozishika hizo picha sikuangalia toleo. Niliangalia kama kuna daftari popote, juu ya dashibodi au kwenye mfuko wa mlango. Sikuliona hata kwenye moja.

Daftari ninalolisema unalijua. Wewe ndiye uliyekuwa ukiandika kilomita kila tulipojaza mafuta, kwa ule mwandiko wako uliolala upande, kaka yako akilia kwamba zamu ni yake. Ila sidhani kama niliwahi kukueleza sawasawa lilivyoanza. Usiku ule ulikuwa na miaka saba, na karibu safari nzima ulilala.

Babu yako, kama unavyokumbuka, alikuwa na ile ya pembe pembe, toleo lililotoka mwaka 1986. Alipenda kutueleza kwamba jina Camry limetokana na neno la Kijapani kanmuri, yaani taji, na akilisema hilo alikuwa akiipigapiga boneti kwa kiganja kama mtu anayemsifu ng'ombe wake. Alituambia pia kwa nini gari dogo kwa nje lilikuwa pana kwa ndani: tangu toleo la 1982 injini imelazwa kwa upana na nguvu inakwenda kwenye magurudumu ya mbele, kwa hiyo abiria wa nyuma hawagombani na shafti ndefu inayopita chini ya miguu yao. Kuanzia hapo gari limezidi kurefuka. Mwaka 1982 umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ulikuwa milimita 2,600. Toleo la 2017 ni 2,825. Hizo sentimita ishirini na zaidi ndizo zinazoamua kama mtoto aliye kwenye kiti chake atampiga dereva mateke mgongoni au la. Kama ungeniuliza nafasi tu, ningekujibu kwa mstari mmoja.

Sisi tulinunua lile lililotoka mwaka 1996, la injini ya 5S, lita 2.2. Tulilinunua likiwa limeshatumika. Aliyetuuzia alikuwa mtu wa maneno matamu, akatuambia mkanda wa taimingi, ule unaozipa pistoni na valvu za injini zamu zao, ni mpya kabisa, umebadilishwa juzi. Babu yako alikuwa amesimama pembeni. Aliuliza jambo moja tu: "Umeandikwa wapi?" Haukuwa umeandikwa popote. Akanivuta kando akaniambia, "Neno si daftari. Pasipo maandishi, hesabu kwamba haujaguswa. Badilisheni kabla hamjasafiri." Mkanda ule hubadilishwa kila kilomita 100,000 hivi, na letu lilikuwa limeshapita hapo.

Pesa tulikuwa nazo, mwanangu. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo. Nilikuwa nimeshaziweka kwenye bahasha. Kisha nikaona vitambaa vya viti vya rangi ya samawati, na viti vyetu vilikuwa vimechakaa, nikasema mkanda tutaubadilisha mwezi ujao. Unavikumbuka vile vitambaa. Kila mtu alivisifu.

Basi tukasafiri. Usiku, mimi nikiwa kwenye usukani, baba yako amesinzia kando yangu, ninyi wawili nyuma. Tulikuwa tunashuka mteremko mrefu. Gari halikupiga kelele, halikutoa moshi, halikutikisika. Lilinyamaza tu. Taa nyekundu zikawaka zote kwa pamoja, usukani ukawa mzito kama umefungwa kwa kamba. Nilikanyaga breki, ikashika. Nikaachia nikakanyaga tena, ikashika kidogo. Mara ya tatu pedali ilikuwa ngumu kama jiwe. Siku ile sikujua kwamba breki husaidiwa na mvuto wa hewa unaotoka kwenye injini, na injini ikizimika unabakiwa na msaada wa kukanyaga mara mbili au tatu tu. Unatakiwa ukanyage mara moja kwa nguvu usiachie. Mimi nilikuwa nimeshazimaliza zangu. Nilivuta breki ya mkono polepole, nikasukuma pedali kwa miguu yote miwili, gari likaingia kwenye majani ya ukingoni likasimama. Lori lililokuwa nyuma yetu likapita likipiga honi, na upepo wake ukatikisa vioo.

Ukaamka ukauliza, "Mama, tumefika?" Nikakujibu, "Ndiyo, tumefika, lala." Ukalala.

Tulikaa pale mpaka kukapambazuka. Fundi alipokuja alifungua kifuniko cha plastiki cha upande wa mkanda, akachomoa kile kilichobaki na kunikabidhi. Meno yalikuwa yamenyofoka na mpira umepasuka kama kisigino. Mpya juzi! Nilijua pale pale kwamba injini imekufa na kwamba nimeiua mimi kwa ajili ya vitambaa. Fundi akafunga mkanda mwingine, akapanga alama za taimingi, akaniambia niwashe. Ikawaka. Ikanguruma kama kwamba hakuna lililotokea, na mimi nikalia mbele ya watu.

Yule kijana alinieleza kwamba kwenye injini hiyo, hata mkanda ukikatika, pistoni ikipanda haizifikii valvu. Zimeachiwa nafasi. Kuna injini nyingi ambazo vitu hivyo viwili hugongana, valvu zinapinda, na unaondoka pale ukiwa na mzigo wa chuma. Baba yako akacheka kwa furaha akasema, "Unaona? Camry haituangushi." Nilimkasirikia. Sikusema naye mpaka tulipofika. Niliona anasifu gari kwa jambo ambalo tulipaswa kuona aibu nalo.

Siku hizi namwelewa zaidi kuliko nilivyomwelewa asubuhi ile. Maana yuko mtu aliyekaa mbele ya karatasi akaamua kuiachia pistoni nafasi, na uamuzi wake ndio uliotuokoa sisi tusiomjua. Kwa hiyo toleo lina uzito, siwezi kusema halina. Halafu nikifikiri tena najiuliza: kama mwenye gari wa kwanza angeandika mstari mmoja tu, tarehe na kilomita, tusingelala barabarani. Yote mawili ni kweli, na nimekuwa nikiyabishania peke yangu kwa miaka. Daftari nililinunua siku tuliyorudi.

Sasa turudi kwenye picha zako.

Hiyo ya 2008 ni ya toleo lililotoka mwaka 2006. Mafundi huiita ACV40, na injini yake ya lita 2.4 ni 2AZ. Watu watakuambia haina mkanda wa taimingi, ina cheni, na cheni haibadilishwi. Ndiyo, cheni ilikuja na 2AZ tangu toleo la 2001. Lakini cheni inaishi kwa oili. Mwenye gari asipobadilisha oili kwa wakati, cheni inalegea, na tena hakuna anayeiona. Zaidi ya hapo, baadhi ya 2AZ za miaka hiyo zinajulikana kwa kula oili: ringi za pistoni zinaziba, matundu ya kurudishia oili yanaziba, na oili inaungua humo humo ndani. Toyota wenyewe walirefusha dhamana ya matengenezo hayo nchini Marekani. Gari kama hilo linaweza kuwa limeshafunguliwa na kuwekewa pistoni za aina iliyorekebishwa, na hapo ni gari zuri sana lenye miaka mingi mbele yake. Au halijafunguliwa. Utajuaje? Nionyeshe daftari.

Hiyo ya 2013 ni ya toleo la 2011, ASV50, injini ya 2AR ya lita 2.5 na giaboksi ya gia sita. Ndani ni gari la kawaida mno, plastiki nyingi, na najua mume wako ataliona halina mvuto. Mimi injini ile naiheshimu. Ila kuna jambo ambalo wewe kama mama lazima ulijue. Mwaka 2012 taasisi ya IIHS ya Marekani, ile inayolipiwa na kampuni za bima, ilianza jaribio jipya la kugongesha robo tu ya upana wa mbele ya gari kwenye kizuizi, kwa kilomita 64 kwa saa. Camry ya toleo hili ilipata daraja la chini kabisa. Wahandisi wakarudi kazini wakaimarisha sehemu ile, na ya mwaka wa 2015 ikapata daraja la juu. Ni toleo lile lile, jina lile lile, na kwenye tangazo zote zinaitwa hivyo hivyo. Ndiyo maana swali la "toleo gani" linanisumbua. Ndani ya toleo moja kuna magari mawili, na aliye kwenye kiti cha mbele ndiye atakayejua tofauti. Nimeandika hayo nikijua kwamba yako ni ya 2013.

Ya haibridi sasa. Toleo la 2017 lilijengwa upya kuanzia chini. Uzito umeshushwa karibu na barabara, suspensheni ya nyuma ni ya mikono miwili, gari linakata kona bila kuyumba. Katika haibridi za awali, betri ilikaa nyuma ya kiti na kula buti. Katika hii imewekwa chini ya kiti cha nyuma, kwa hiyo mizigo ya watoto inaingia. Hilo nalisifu kwa moyo wote. Breki zake pia hudumu, kwa sababu unapopunguza mwendo mota inafanya sehemu ya kazi na kuchaji betri. Katika toleo lililofuata, Marekani haiuzwi tena isiyo ya haibridi, na hiyo inakuonyesha Toyota wanaelekea wapi.

Lakini betri ile inapoozwa kwa feni inayovuta hewa ya humo humo ndani mnamokaa, kupitia matundu yaliyo kwenye kiti cha nyuma. Wajukuu wangu wawili watamwaga nini pale? Nguo itatupwa juu ya matundu, vumbi litajaa kwenye kichujio, betri itapata joto bila mtu kujua. Kichujio kile husafishwa. Je, aliyekuwa nalo alikisafisha? Lini? Ukimuuliza atakujibu kwa maneno, na maneno hayana kilomita.

Najua unachotaka. Unataka niseme chukua hii. Nimeandika jina la moja kati ya hizo tatu mara mbili kwenye karatasi nyingine, na mara mbili nimeichana, kwa sababu nikilitaja utaacha kutazama na kwenda kulipa, na mimi nitakuwa nimefanya kama yule aliyetuuzia letu, nimekupa neno. Kama ningekuwa na umri wako, na ile ya lita 2.5 ingekuwa ya 2015 au baadaye, usingeisikia barua ndefu namna hii. Basi, nimeshasema zaidi ya nilivyokusudia. Mkwe wangu asije akadhani naikataa yake. Ikiwa na maandishi, sina neno nayo.

Fanya hivi. Usikubali mwenye gari akuletee gari mlangoni. Nenda kwake alfajiri, bila kumwambia saa. Weka kiganja juu ya boneti kabla hamjasalimiana sana. Ikiwa na joto, ameliwasha makusudi ili usisikie linavyoamka. Rudi siku nyingine. Ikiwa baridi, chomoa kijiti cha oili, futa, rudisha, chomoa tena, utazame kiwango na rangi. Kisha liwashwe wewe ukiwa nyuma, unaangalia ekzosi. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Sikiliza upande wa cheni zile sekunde za kwanza, kabla oili haijapanda. Ukiiendea ile ya haibridi, injini inaweza isiwake mara moja, usishtuke. Wewe inama ukague matundu ya nyuma kwa tochi.

Na muulize kile babu yako alichouliza. Akitoa daftari, au hata risiti zilizofungwa kwa mpira, soma tarehe na kilomita moja baada ya nyingine uone kama zinafuatana.

Daftari letu nimelitafuta, nalituma pamoja na barua hii. Ukurasa wa kwanza ni mwandiko wangu, tarehe ya mkanda. Kuanzia wa tatu ni wako. Kurasa za nyuma hazijaandikwa.

Ukishatoka huko nipigie, hata kama ni mapema. Nitakuwa macho.

Mama yako