Ukifika Chicago, anza na namba za nyumba

Wageni wengi ninaowapokea Chicago hushuka uwanja wa ndege wakiwa na orodha ya picha za kupiga: bustani ya Millennium Park, jengo la Willis Tower na mto, basi. Siku ya pili orodha imekwisha, miguu inauma, na mji wenyewe bado hawajauona. Kwa anayekuja mara ya kwanza, awe amekuja kwa mkutano, kumsalimia ndugu au kutembea tu, ushauri wangu ni huu: saa za mwanzo zitumie kuelewa mji ulivyopangwa, halafu kila siku chagua upande mmoja tu na uutembee mpaka uuzoee.

Miongoni mwa miji mikubwa ya Marekani, Chicago ni rahisi sana kuielewa, na sababu ni namba. Tangu 1909 anwani zinahesabiwa kutoka sehemu moja, makutano ya State Street na Madison Street katikati ya mji. Hapo ni sifuri. Ukiondoka hapo kwenda upande wowote namba zinapanda, na kila 800 ni maili moja, yaani kilomita 1.6 hivi. (Kusini, maili tatu za kwanza hazifuati kipimo hicho, ukizivuka mambo yananyooka.)

Chukua anwani ya Wrigley Field, uwanja wa besiboli: 1060 West Addison. Barabara ya Addison iko 3600 kaskazini, kwa hiyo uwanja uko maili nne na nusu kutoka Madison. Hiyo 1060 West inakuambia uko maili moja na ushee magharibi mwa State. Na kwa kuwa 1060 ni namba shufwa, uwanja uko upande wa kaskazini wa barabara, maana shufwa hukaa kaskazini na magharibi, witiri hukaa kusini na mashariki. Anwani moja imekupa umbali, mwelekeo na upande wa kuvukia. Katikati ya maghorofa marefu ile nukta ya ramani kwenye simu huruka-ruka ovyo, na hapo ndipo elimu hii inapolipa. Juu ya hayo, Ziwa Michigan liko mashariki siku zote.

Sisi tuliozoea magari kupita kushoto tuwe macho tunapovuka. Hapa yanapita kulia, kwa hiyo tazama kushoto kwanza. Tena kwenye makutano mengi gari linaruhusiwa kukata kulia hata taa ikiwa nyekundu, mradi dereva asimame kwanza. Wengine hawasimami. Mtazame dereva usoni kabla hujaweka mguu barabarani.

Kuhusu usafiri, usikodi gari. Maegesho katikati ya mji ni ghali na hutalihitaji. Treni ya mji, ambayo wenyewe wanaiita L, ina njia nane zinazotajwa kwa rangi. Bluu inatoka uwanja wa O'Hare hadi katikati ya mji, Chungwa inatoka uwanja wa Midway. Nyekundu na Bluu hutembea saa 24. Nunua kadi ya Ventra kwenye mashine kituoni, au gusisha kadi yako ya benki pale getini. Nauli ya kupandia O'Hare ni kubwa kuliko ya vituo vingine, usidhani umeibiwa. Kama utapanda na kushuka mara nyingi, tiketi ya siku nzima ina nafuu.

Kinachowachanganya wageni ni mwelekeo. Mabango yanataja kituo cha mwisho, kama kibao cha daladala kinavyosema Gongo la Mboto hata kama wewe unashukia Buguruni. Njia Nyekundu inayokwenda kaskazini imeandikwa Howard, ya kusini imeandikwa 95th. Shika majina hayo mawili kabla hujateremka ngazi, kwa sababu baadhi ya vituo vina mlango tofauti kwa kila upande. Usiku panda behewa la mbele alipo dereva, na simu ibaki mfukoni.

Pesa. Bei iliyoandikwa dukani siyo utakayolipa. Kodi ya mauzo Chicago ni asilimia 10.25 kwa bidhaa nyingi, kwa hiyo shati la dola 20 litakutoka dola 22 na senti tano. Mgahawani unakohudumiwa mezani, ongeza bakshishi ya asilimia 15 hadi 20. Hiyo ni sehemu ya ujira wa mhudumu, siyo hisani, na kuondoka bila kuiacha ni kumdhulumu mtu aliyekutumikia. Soma bili kwanza, maana baadhi ya migahawa huwa imeshaiweka.

Katikati ya mji siku moja inatosha, lakini iende kwa mpangilio. Mnamo Oktoba 1871 moto uliteketeza sehemu kubwa ya Chicago. Watu wapatao 300 walikufa na karibu laki moja walibaki bila makazi. Katika kujenga upya ndipo wahandisi walipojifunza kubebesha jengo juu ya fremu ya chuma badala ya kuta nene, na maghorofa unayoyatazama leo yametokana na somo hilo. Willis Tower, yenye mita 442, ilikuwa ndefu kuliko majengo yote duniani hadi 1998. Mhandisi wake, Fazlur Rahman Khan, alizaliwa Dhaka. Simama mbali kidogo uone alivyolisimamisha: ni minara tisa ya mraba iliyobananishwa pamoja, kila fungu likikoma kwa kimo chake. Ukiwa na pesa ya kulipia kitu kimoja tu katikati ya mji, ilipie safari ya boti ya mtoni yenye mtu wa kueleza majengo. Ukitaka cha bure, ingia Chicago Cultural Center, jengo la 1897 lililokuwa maktaba kuu, utazame kuba la vioo vya rangi vya kampuni ya Tiffany. Vyoo vyake ni safi, na katika mji huu choo cha umma ni cha kutafuta.

Makumbusho ya Field yanastahili nusu siku, na kwa msomaji wa Afrika Mashariki yana jambo la pekee. Humo ndimo walimo simba wawili wa Tsavo, waliowawinda wajenzi wa reli kutoka Mombasa mwaka 1898 mpaka kazi ya daraja ikasimama. Wote ni madume, lakini hawana manyoya ya shingoni. Baada ya kuwaua, John Henry Patterson, msimamizi wa ujenzi wa daraja hilo, alikaa na ngozi zao nyumbani kama mazulia kwa miaka mingi, ndipo akaziuza kwa makumbusho hayo mwaka 1924 kwa dola 5,000. Ngozi zilikuwa zimechakaa na kupunguzwa, kwa hiyo simba unaowaona kwenye kioo ni wadogo kuliko walivyokuwa hai. Patterson alikuja kudai kwamba waliua watu 135; uchunguzi wa mifupa na manyoya yao uliotolewa 2009 ulikadiria takriban 35. Naomba usipite mbio pale. Waliokufa walikuwa vibarua wa Kihindi na Waafrika, na majina ya Waafrika hasa hayakuhifadhiwa. Sisi tunaopita Tsavo kwa treni ya leo tuna haki ya kusimama mbele ya kioo kile kwa muda mrefu kuliko mtalii mwingine yeyote.

Utaambiwa usiende kusini. Mimi nasema nenda, ila mchana, na ujue unakwenda wapi. Ni kweli kuna mitaa yenye mauaji ya bunduki, na mwenyeji wako atakuambia ipi uiache. Lakini upande mzima wa kusini siyo huo, na anayeukwepa wote ameikwepa historia ya watu weusi wa mji huu. Shuka Bronzeville kwa njia ya Kijani. Katika karne iliyopita mamia ya maelfu ya watu weusi walikimbia ubaguzi wa majimbo ya kusini wakaja Chicago, na wengi walianzia hapo. Kwenye King Drive karibu na barabara ya 26 kuna sanamu yao, kazi ya Alison Saar: msafiri mwenye sanduku mkononi, ameelekea kaskazini. Sogea karibu utazame suti aliyovaa. Imetengenezwa kwa nyayo za viatu, zimelika na kutoboka.

Kutoka hapo Chinatown si mbali, na Pilsen, mtaa wa Wameksiko, iko kwenye njia ya Pinki, kituo cha 18th Street. National Museum of Mexican Art haitozi kiingilio. Mitaa hii mitatu imo kwenye njia ya mbio za Chicago Marathon, ile ile aliyopita Kelvin Kiptum wa Kenya mnamo Oktoba 2023 akaweka rekodi ya dunia ya saa 2:00:35. Ukitembea hapo utaona kwa nini wakimbiaji wanaipenda: mji umelala tambarare, huna kilima cha kupanda.

Kaskazini ni kwa ajili ya chakula. Argyle, 5000 North, ni ya Wavietinamu. Devon Avenue, 6400 North, ina maduka na migahawa ya Wahindi na Wapakistani, na anayetafuta halali hatapata shida. Treni haifiki kwenye maduka hayo. Utamalizia kwa basi. Mitaa ya jirani, Rogers Park na West Ridge, imepokea wakimbizi wa nchi nyingi, wakiwemo Wakongo, kwa hiyo ukisikia Kiswahili dukani usinyamaze. Salimia, uliza wanakonunua unga. Utaelekezwa vizuri kuliko na kitabu chochote cha utalii.

Mwisho ni majira. Kwetu jua linazama kwenye saa kumi na mbili hivi mwaka mzima. Chicago mwezi Desemba huzama saa kumi na dakika 20 alasiri, Juni huzama saa mbili na nusu usiku. Anayeswali apange siku yake mapema. Joto linasomwa kwa Farenhaiti, na 32 ndipo maji yanapoganda. Ukija wakati wa baridi, vaa nguo tabaka kwa tabaka, glavu, na viatu visivyopitisha maji. Upepo wa ziwani hauna huruma. Makumbusho mengi hufungwa saa kumi na moja jioni. Kwa hiyo Desemba tembea mitaani asubuhi kungali na mwanga, na mchana uingie ndani. Juni geuza: makumbusho asubuhi, mitaa na ufukwe wa ziwa kuanzia alasiri hadi giza liingie.