Kabla ya Kulificha Bango, Hesabu Kwanza

Katika steshenari yangu hapa Mwanga, Kigoma, kazi inayonila muda si fotokopi bali kuwajazia watu fomu za maombi mtandaoni, na kompyuta yangu ina kioo kidogo kiasi kwamba bango lililogandishwa chini ya ukurasa wa tovuti moja lilikuwa likikifunika kabisa kitufe cha kutuma. Nikaweka Violentmonkey, kiongezi kinachoendesha skripti (maagizo mafupi ya programu) za mtumiaji juu ya kurasa za tovuti, kwenye kivinjari cha Firefox, na kuandika skripti ya mistari michache ya kuliondoa.

Bango lilitoweka siku ile ile, nami nikajiona fundi. Kumbe nilikuwa nimelitafuta kwa jina la klasi, yaani jina ambalo vitu vingi vya ukurasa huweza kulishiriki, nalo lilikuwa alert, bila kuangalia ni nini kingine kinachotumia jina hilo. Siku mbili baadaye kijana kutoka Ujiji alibonyeza kutuma mara tano na ukurasa ukatulia tuli: maandishi mekundu ya kumwarifu kwamba namba yake ya simu imepungua tarakimu moja yalikuwa na klasi ile ile, na skripti yangu ilikuwa ikiyafuta kabla hajayaona.

Tangu hapo, kabla ya kugusa kitu chochote, nafungua zana za ukaguzi za kivinjari na kuhesabu kwa querySelectorAll, amri inayokusanya vitu vyote vyenye jina fulani, ni vitu vingapi vinavyoitikia jina nililochagua; vikizidi kimoja, natafuta id (jina la kitu kimoja pekee) au nakitaja kitu pamoja na mzazi wake, yaani kitu kinachokibeba. Nakificha kwa display: none, agizo la kutokionyesha, badala ya kukifuta, kwa kuwa programu ya ukurasa wenyewe yaweza kukitafuta baadaye na ikakwama isipokiona. Kwenye @match, mstari wa skripti unaotaja kurasa inazoruhusiwa kuingia, naandika anwani ya ukurasa huo mmoja tu.

Mtandao unapokuwa mzito, bango huchelewa kuliko skripti, na kukisia sekunde za kusubiri ni kubahatisha. MutationObserver, zana ya kivinjari inayofuatilia mabadiliko ya ukurasa, hungoja hadi kitu kiingie kwenye ukurasa, ndipo ukifiche.

Skripti za watu wengine sizisakinishi nisipoweza kuzisoma zote, kwa sababu skripti huweza kuona kila kinachoandikwa kwenye ukurasa inaoruhusiwa kuingia, nywila zikiwemo, na nywila zinazoandikwa kwenye kompyuta hii si zangu.

Juu ya kila skripti nimeandika tarehe niliyoijaribu mara ya mwisho, maana wenye tovuti wakibadilisha jina la kitu kimoja tu, bango hurudi bila hodi.