Kuambiwa au kujaribu mwenyewe?

Kuambiwa kunafundisha haraka zaidi, papa, lakini aliyeambiwa huchelewa kuona kwamba hali imebadilika. Mwanasaikolojia B. F. Skinner wa Marekani alitenganisha mambo haya mwaka 1966: kuna tabia inayofuata kanuni ya maneno, na kuna inayojengwa na matokeo yenyewe. Mwaka huohuo watafiti Kaufman, Baron na Kopp waliwapa watu maelezo ya uongo kuhusu lini kubonyeza kitufe kungewaletea malipo. Watu waliyafuata maelezo, ingawa malipo yenyewe yalikuwa yanakuja kwa utaratibu mwingine kabisa.

Hata hivyo siungi mkono wanaosema mtoto aachwe ajifunze kwa kuumia. Sisi wa Goma, mashariki mwa Kongo, tuna mazuku, yaani gesi ya kuua inayotoka ardhini. Ile gesi ya kaboni dioksidi haina rangi, ni nzito kuliko hewa, inalala kwenye mabonde na mashimo, hasa usiku na alfajiri wakati hakuna upepo. Anayeshuka kujaribu anaweza asipande tena. Hapo neno la mama, «usishuke kule», ndilo somo lote.

Ila mama aongeze sababu. Aliyekatazwa shimo moja tu atakwepa hilo moja. Aliyeelezwa kwamba gesi inakaa chini atajihadhari hata na shimo ambalo hakuna aliyemwonyesha. Kwa kazi za mkono kama kushona ni tofauti, maneno hayafiki mbali: mwanafunzi apewe kitambaa na cherehani, fundi asimame karibu.