Sifuri za Namba za Simu Zimekwenda Wapi?

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama wauza dagaa hapa Kibirizi, Kigoma. Mwanangu alinitolea orodha ya wanachama kwenye simu, faili la CSV (jedwali la maandishi tupu). Nikilifungua kwa Excel, 0754 inakuwa 754, na aliyeandikiwa "Ujiji, Kigoma" kiasi chake cha mchango kimehamia safu ya jirani. Nimeandika upya mara mbili, nimechoka.

JIBU: Marahaba, mama. Usiandike tena! Kwa upande wa sifuri, faili lenyewe huenda ni zima. Anayeharibu ni Excel. Ukilibofya mara mbili, yeye hukisia: akiona tarakimu tupu anasema hii ni hesabu, na hesabu haianzi na sifuri. Hata mimi imenikuta, nikahifadhi juu ya faili la asili. Sifuri hazikurudi.

Fungua ukurasa mtupu, bofya Data, kisha From Text/CSV, uchague faili. Kabla ya kulipakia, pale kwenye Data Type Detection chagua Do not detect data types. Sifuri zitabaki. Ila michango nayo itaingia kama maandishi, haitajumlishika mpaka uigeuze safu hiyo kuwa namba.

Mkato wa "Ujiji, Kigoma" ni kosa la mwanao, mwambie kwa upole: CSV hutenganisha safu kwa mkato, hivyo jina lenye mkato ndani lizungushiwe alama za kunukuu.