Maswali yenu: Katanga ilienda wapi?

SWALI: Yaya, niko mwanafunzi wa filozofia hapa Lubumbashi, profesa anatuambia tuanze na ontolojia, kuwa ni nini, na huku inje watu wanaongea tu reforme na uchaguzi. Hivi viwili vinakutana wapi? (Mwanafunzi, komini ya Kenya)

JIBU: Mudogo, vinakutana sana. Angalia Katanga yetu hapa Congo: mpaka 2015 ilikuwa provensi, kisha ikakatwa mara ine, Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Udongo haukusogea, mashimo ya shaba yako palepale, lakini provensi ile haiko tena, sasa ilikuwa kitu cha namna gani? John Searle, mwanafilozofia wa Marekani, aliandika kwamba kuko vitu viko bila kutuomba ruhusa, kama mulima, na vingine viko juu tunakubali pamoja kama viko, mupaka, cheo cha gavana, franga. Mama wa soko akikatala noti yako ya 500 iliyopasuka utamuelewa Searle haraka kuliko kelasini! (Padri Tempels, mwenye kitabu chake juu ya filozofia ya Kibantu kilitoka hapahapa 1945, yeye alisema kwa Mubantu "kuwa" ni nguvu, wengi walimubishia, na mimi niko kati yao.)

Reforme sasa. Katiba ya 2006 iliandika provensi 26, ikabakia karibu miaka kenda bila kuziona, na mpaka leo inasema 40% ya mapato ya taifa ni ya provensi, zikamate zao palepale yanapoingia, lakini Kinshasa njo inagawa, tena kidogo-kidogo. Uliza profesa wako: ile 40% iko ao haiko?